Zaburi moja kwa siku, hata ile usiyoipenda

Wengi wanaoniambia kwamba wanapenda Zaburi, nikiwauliza zipi, hutaja zilezile: ya 23, ya 91, ya 121, pengine na ya 27. Nami nazipenda hizo. Lakini kitabu kina zaburi 150, na mtu anayezunguka kwenye nne amejitungia kitabu chake kidogo ambamo kila siku anaambiwa asiogope. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote hapa ni namna ya kuutekeleza: soma zaburi moja kwa siku kwa kufuata mpangilio, anzia ya 1, na usiruke ile isiyokupendeza.

Mipango mingine ipo, tena ya zamani sana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawataka watawa wamalize zote 150 kila juma. Waanglikana wana kitabu chao cha sala kinachozigawa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Wengine hufuata tarehe: tarehe 1 wanasoma ya 1, ya 31, ya 61, ya 91 na ya 121, kesho yake wanasogea hatua moja. Hiyo inawafaa sana wanaoimba au kuomba kwa pamoja. Kwa mtu aliye peke yake alfajiri, akiwa na robo saa kabla nyumba haijaamka, tano ni nyingi. Ukifika ya tatu macho bado yanasoma, ila akili imeshatangulia kazini.

Faida ya kufuata mpangilio huioni wiki ya kwanza. Unaanza kuiona pale zaburi moja inapoita nyingine. Ukisoma ya 42 leo na ya 43 kesho, utakutana na maneno yaleyale mara tatu: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?” Yapo kwenye 42:5, yapo 42:11, yapo tena 43:5, na ni vigumu kutoona kwamba huo ni wimbo mmoja uliokatwa katikati. Ya 105 inasimulia safari ya Israeli kwa kutaja alivyotenda Mungu; ya 106 inarudia safari hiyohiyo kwa kutaja walivyoasi watu. Aliyeisoma moja tu ameipata nusu ya habari. Utagundua pia kwamba kitabu kimegawanywa katika vitabu vitano, na kila kimoja kinafungwa kwa sifa. Cha pili kinaishia na ya 72, kwa tangazo kwamba maombi ya Daudi yamekwisha, kisha mbele unakuta zaburi nyingine kadhaa zenye jina lake! Mimi hilo hunichekesha kila nikifika hapo, na hunikumbusha kwamba mkusanyiko huu ulikusanywa kwa awamu, na mikono mingi.

Usiruke vichwa vilivyoandikwa juu ya zaburi. Watu huviona kama maandishi ya mchapaji, wanaenda moja kwa moja mstari wa 1. Angalia zaburi ya 3. Mstari wa 5 unasema, “Nalijilaza nikalala usingizi, nikaamka.” Bila kichwa, huyu ni mtu aliyelala vizuri tu. Kichwa kinasema ni Daudi alipomkimbia Absalomu mwanawe. Sasa ni baba anayewindwa na mtoto aliyemzaa, amepoteza mji na kiti chake, na bado akapata usingizi. Asubuhi moja nilibaki kwenye mstari huo tu, sikuendelea, na hakuna aliyenidai mistari iliyobaki.

Kuhusu kutafakari kwenyewe, wanaoanza huniuliza wafanye nini baada ya kusoma, kana kwamba kuna ufundi uliofichwa. Mimi huanza na swali dogo: hapa nani anasema na nani? Jaribu na ya 23, hiyo unayoijua kwa moyo. “Bwana ndiye mchungaji wangu.” Anamsimulia mtu mwingine habari za Mungu: yeye hunilaza, yeye huniongoza, yeye hunihuisha nafsi. Fika mstari wa 4, kwenye bonde la uvuli wa mauti, usimulizi unakatika: “Kwa maana Wewe upo pamoja nami.” Amegeuka. Kwenye majani mabichi alikuwa akimzungumzia Mungu, bondeni anazungumza na Mungu uso kwa uso. Hakuna mahali anapoeleza kwa nini amegeuka, na sidhani anahitaji kueleza. Swali hilo hilo litakufungulia zaburi nyingi, maana zimejaa migeuko ya namna hii: mtu analalamika kwa Mungu, ghafla anaisemesha nafsi yake mwenyewe, ghafla anawakemea adui, ghafla anawaita majirani waimbe.

Soma kwa sauti, hata ya chini. Mashairi haya yana tabia ya kusema jambo mara mbili, mstari wa pili ukiusogeza wa kwanza mbele kidogo. Jicho huona marudio likakimbia, sikio hungoja.

Sasa zile ngumu, ambazo ndizo sababu ya kusisitiza kwamba usiruke. Ya 88 ni ya Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingi za maombolezo huanzia chini zikaishia kwenye shukrani au tumaini, hii haipandi. Inamwita Mungu wa wokovu mstari wa kwanza, kisha inashuka, na neno lake la mwisho ni giza. Mwaka mmoja zamu yake iliangukia siku ya furaha kwetu, nyumba imejaa wageni wa harusi. Niliisoma kwa shingo upande. Haikunihusu hata kidogo, ndipo nikamfikiria inayemhusu: rafiki ambaye mume wake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na ambaye sote tulikuwa tukimtumia mistari ya kumtia moyo hadi akaacha kujibu. Jioni nilimpigia simu nikamsomea hiyo zaburi yote, bila mahubiri. Alinyamaza, kisha akasema, “Kumbe hayo yanaruhusiwa kusemwa?”

Tangu hapo, zaburi isiyolingana na hali yangu naihesabu kuwa ya mtu fulani, na kazi yangu asubuhi hiyo ni kumtafuta ni nani. Ukiwa mzima, ya 38 ni ya mgonjwa. Ukiwa na huzuni, ya 150 ni ya mwenzako aliyejifungua salama, nawe unaiomba kwa ajili yake ingawa koo limekauka. Atafutaye wa kumwombea hamkosi, akikaa kidogo na mistari. Kwa njia hii maombi yanatoka kidogo kwenye mahitaji yangu mwenyewe, jambo ambalo zile zaburi nne pendwa hazikunisaidia kulifanya.

Za laana, kama ya 109 na mwisho wa ya 137, bado zinanisumbua, na sina hamu ya kuzilainisha. Ninachoshauri ni kutozigeuza silaha dhidi ya jirani au bosi wako. Soma ya 137 tangu mstari wa 1: ni watu waliohamishwa kwa nguvu, wameketi kando ya mito ya Babeli, na waliowateka wanawaambia wawaimbie nyimbo za kwao kwa burudani. Hasira yao imepelekwa kwa Mungu, ikaachwa hapo. Wapo watu leo waliotendewa hayo, na siku hiyo naomba pamoja nao badala ya kuwafundisha jinsi ya kukasirika kwa adabu.

Mambo madogo ya utekelezaji. Ya 119 ina mistari 176, imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, mistari minane kila herufi. Chukua herufi moja kwa siku, usijaribu kuimeza yote. Ya 117 ina mistari miwili tu, nayo ipewe siku yake nzima kama nyingine. Kwa hesabu hiyo kitabu kinakwisha kwa siku 171. Ukikuta Biblia yenye namba mbili, mfano 23 na 22 kwenye mabano, usishtuke: tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha ya 9 na ya 10, hivyo zinazofuata zikarudi nyuma hatua moja kwa sehemu kubwa ya kitabu.

Andika sentensi moja kwenye daftari, si ukurasa. Mimi huandika mstari ulionishika na jina la mtu, basi. Ukurasa mzima unavutia siku za mwanzo, halafu unageuka deni, na mwenye deni huanza kulikwepa daftari na Biblia iliyo chini yake.

Ukikosa siku tatu, siku ya nne usisome nne kwa mpigo. Fungua pale ulipoweka alama, soma hiyo moja.