Bwawa la udongo shambani na daraja lake la usalama

Ndugu, umeuliza iwapo bwawa lako la udongo lenye kina cha mita 4 za maji, lililowekwa katika Daraja A zamani, linahitaji kukaguliwa upya kwa kuwa sasa kuna nyumba bondeni. Ndiyo, na usingoje masika.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliweka katika Daraja A, yaani la hatari ndogo, mabwawa yenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000. Lakini ukubwa hauelezi hali ya tuta, wala hausemi ni nani analala chini yake: bwawa la shamba binafsi lilipobomoka Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, zaidi ya watu 40 walifariki. Kwa hiyo iandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ukieleza makazi hayo mapya, na umwite mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa.

Wakati huohuo, tembea kwenye kitako cha tuta upande wa bondeni. Maji yanayovuja yakiwa maangavu, yasiyo na tope, pima kiasi chake kila wiki. Yakianza kutoka na tope, udongo wa ndani unamomonyoka, hivyo wahamishe majirani mara moja na umwite mhandisi aongoze upunguzaji wa maji. Mkondo wa maji ya ziada usizibwe kamwe, hata kwa wavu wa samaki.