Mguu unaoruka wenyewe

SWALI: Mdogo wangu aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda miezi minane iliyopita. Daktari alisema jeraha ni kamili, yaani hakuna hisia wala mwendo wa hiari hadi njia ya haja kubwa. Sasa mguu unaruka akimwagiwa maji baridi. Je, anapona?

JIBU: Pole sana. Mruko huo peke yake si kupona: neva zilizo chini ya jeraha hujibu bila amri ya ubongo. Mjaribuni akiwa ametulia: akunje kidole gumba cha mguu, aache, arudie mara tano. Kikitii kila mara, daktari ampime upya, pamoja na hisia na mbano wa njia ya haja kubwa. Hapo ndipo ukamilifu wa jeraha huamuliwa.

Matumaini yapo. Mwaka 2014 watafiti wa Louisville, Marekani, walieleza wanaume wanne, wawili wakiwa na jeraha kamili, waliosogeza miguu kwa hiari baada ya kupandikizwa mgongoni kifaa cha kusisimua uti wa mgongo kwa umeme, chenye elektrodi (ncha za kupitisha umeme) 16. Kikizimwa, miguu haikutii.

Msimsimamishe kwa nguvu. Mifupa isiyobeba uzito hudhoofika na kuvunjika. Miruko ikizidi ghafla, kagueni vidonda, choo kigumu na maambukizi ya mkojo.