Fundi Anajibu: Gari Dogo Linalopinduka Juu ya Mawe ya Lava

SWALI: Jambo fundi. Nimejitengenezea gari dogo la rimoti la kupanda mawe, la kipimo cha moja kwa kumi. Chasisi niliikata kwenye bamba la alumini, bodi nikaitoa kwenye bidoni la manjano, na amotisa nne nilizipata kwenye gari la mashindano la mtoto wa jirani lililokufa mota. Nimezijaza mafuta ya injini ya pikipiki. Ninalijaribu Buhene, pale iliposimama lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021. Likianza kupanda jiwe lililosimama, sehemu ya mbele huinuka, matako hurukaruka, kisha gari hupinduka chali. Nimekaza resori (springi za amotisa) hadi mwisho lakini hali imezidi kuwa mbaya. Uzito wake pamoja na betri ni gramu 2,600: mbele 1,150 na nyuma 1,450. Nifanye nini? – Msomaji wa Himbi, Goma.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kupima uzito wa mbele na wa nyuma kabla ya kuniandikia, kwa sababu namba hizo mbili zimeniambia mengi kuliko maelezo mengine yote. Wengi huniandikia wakitaka resori za aina fulani, nami hulazimika kuwaomba warudi kwanza kwenye mizani ya jikoni.

Amotisa zako, ambazo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huziita shokapu, zilitengenezwa kwa gari linaloruka matuta kwa kasi na kuanguka kwa kishindo, na ndiyo maana resori zake ni ngumu. Gari la kupanda mawe halina kishindo cha kupokea. Linatembea polepole kuliko mtu, na kazi ya resori zake ni kuruhusu kila gurudumu lifuate umbo la jiwe huku matairi yote manne yakiendelea kugandamiza chini. Ulipozikaza, uliinua chasisi na ukaondoa nafasi ambayo gurudumu lilihitaji ili lishuke kwenye shimo, hivyo gari likawa refu na gumu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, usianze na resori. Kwa hesabu yako, mbele pana asilimia 44 tu ya uzito wote, ilhali gari la aina hii huhitaji karibu asilimia 60, kwa kuwa linapopanda mteremko mkali uzito wenyewe huhamia nyuma bila kuombwa. Yeyote aliyewahi kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lenye magunia ya viazi anajua jinsi mzigo uliokaa vibaya unavyoshinda nguvu za mikono mlimani. Ikiwa betri yako ina gramu 200 na imekaa juu ya ekseli ya nyuma, ihamishie juu ya ekseli ya mbele, chini kadiri inavyowezekana. Mbele patakuwa na gramu 1,350 na nyuma 1,250. Kisha waombe mafundi wa matairi vipande vya risasi wanavyotumia kusawazisha magurudumu, uvifunge kwa utepe ndani ya rimu za mbele, gramu 75 kila upande. Uzito ulio ndani ya gurudumu uko chini ya resori na karibu na ardhi, kwa hiyo hulituliza gari badala ya kulipindua. Na kama umepachika tairi la akiba la mapambo mgongoni mwa bodi, jambo ambalo picha uliyonitumia inanifanya nilishuku, litoe bila huruma. Likiwa na gramu 140, ukiliondoa utafikia karibu asilimia 58 mbele, nami nisingehangaika kutafuta hizo mbili zilizobaki.

Sasa tuje kwenye resori. Tafuta laini zaidi, na uzilegeze hadi gari likisimama peke yake kwenye sakafu amotisa iwe imezama kati ya theluthi moja na nusu ya mwendo wake, yaani urefu wote inaoweza kubonyea. Kama mwendo wote ni milimita 30, basi milimita 10 hadi 15 ziwe zimekwisha kutumika kabla hujagusa rimoti. Hizo ndizo nafasi ya gurudumu kushuka, nazo zitalipeleka ndani ya nyufa za lava bila kuliinua gari zima. Usipopata resori laini, laza amotisa zaidi kwa kuhamishia tundu lake la juu kuelekea katikati ya chasisi. Amotisa iliyolala hulegea kuliko iliyosimama wima, na tundu jipya halina gharama isipokuwa keekee na dakika tano.

Mafuta ya injini yamwage leo. Kama pete za mpira zilizomo ni za silikoni, mafuta kama hayo yanayotokana na petroli huzivimbisha, fimbo ikaanza kukwama na baadaye kuvuja. Isitoshe, uzito wake wa kutiririka hubadilika sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua juu ya mawe meusi. Nunua mafuta ya silikoni ya amotisa yenye namba 30, au yaliyoandikwa takriban 350 kwa kipimo cha sentistoki, yaani cha huo uzito wa kutiririka, na ukiweza kuchagua fuata hicho kipimo cha pili, kwa sababu namba 30 ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na ya mwingine.

Kule kurukaruka kwa matako ni jambo lingine, nalo linatokana na mikono inayounganisha ekseli ya nyuma na chasisi. Litazame gari kwa ubavu. Ikiwa mikono ya juu inainama kuelekea mbele na ya chini inapanda, mistari yake hukutana karibu na kwa juu, na kila unapobonyeza mwendo ekseli huisukuma chasisi juu, tairi hupoteza mshiko, chasisi hushuka, tairi hushika tena, na mchezo huo hurudiwa mara kadhaa kwa sekunde. Inua ncha ya mbele ya mkono wa juu kwa tundu moja, ili mikono ikaribie kuwa sambamba. Kama bado, shusha ncha ya mbele ya mkono wa chini. Badilisha tundu moja tu kila mara, kisha jaribu kwenye jiwe lilelile. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha matundu manne jioni moja, gari likapona, na hadi leo sijui lipi kati ya manne lilikuwa dawa.

Mbele, ongeza jambo moja dogo. Gari likiwa limesimama karibu wima, resori za mbele hunyooka na kuisukuma chasisi nyuma, upande uleule inakotaka kuangukia. Weka kipande cha bomba cha milimita 5 ndani ya amotisa za mbele, chini ya pistoni, kipunguze kunyooka huko. Usizidishe, la sivyo utapoteza kile tulichokipata kwenye nyufa.

Ili ujue kama umepiga hatua, chukua ubao wa sentimita 100, liegeshe gari juu yake likiwa limekingama, uinue ncha moja taratibu hadi magurudumu ya juu yaanze kuachia. Ncha ikifika sentimita 64 kutoka sakafuni, hiyo ni digrii 40; ikifika 71, ni digrii 45. Andika namba hiyo kabla ya mabadiliko na baada yake. Na matairi uyaangalie kila wiki, kwani mawe ya lava hushika vizuri lakini huchuna mpira kama tupa. Ndani yake sponji la godoro la zamani linafaa, mradi lisijae hadi tairi likawa gumu kama mpira wa miguu.

SWALI: Fundi, gari langu la kupanda mawe huinamia kulia kila ninapobonyeza mwendo, hata kwenye sakafu tambarare. Chasisi nimeipima, haijapinda. – Msomaji wa Kadutu, Bukavu.

JIBU: Chasisi yako haina kosa. Shafti inayozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli huisukuma pia chasisi upande mmoja, na resori zikiwa laini hilo huonekana wazi. Kaza kidogo resori ya nyuma ya kulia peke yake, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, hadi gari lisimame sawa linapovuta. Likiwa limetulia bila mwendo litainamia kushoto kidogo sana, na hilo livumilie. Kama mwinamo ni mkubwa hata baada ya kukaza mizunguko mitatu, kagua kama amotisa ya kulia imepoteza mafuta kabla ya kuendelea kukaza.