Muulize Fundi: Mistari imetoka safi, skana inakataa

Barua za wiki hii zote zimetoka kwa watu waliokwisha kulipia stika za msimbopau (barcode), ile mistari ya bidhaa inayosomwa na skana. Ndiyo maana nazijibu leo hii, kabla mwingine hajapeleka kazi yake kwenye mashine.

Swali: Napakia asali hapa Kakamega. Nilipakua fonti ya Code 39, aina mojawapo ya msimbopau, nikaandika 2045, mistari ikatoka vizuri. Skana iko kimya. Nimekosea wapi, Fundi?

Mama, umeacha nyota. Code 39 hufunguliwa kwa nyota na kufungwa kwa nyota. Zikikosekana, skana haijui msimbopau unaanzia wapi. Andika *2045* uchapishe tena, utasikia mlio.

Lakini hiyo ibaki kwenye stoo yako. Keshia wa supamaketi anatarajia EAN-13, msimbopau wa bidhaa za dukani wenye tarakimu 13, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Tuseme 12 za kwanza ni 616000000001. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 12. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 2, zidisha kwa 3, unapata 6. Jumla 18. Kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 20, inabaki 2, basi 2 ndiyo tarakimu ya 13. Fonti peke yake haikufanyii hesabu hii. Code 128, aina nyingine ya msimbopau, nayo ina alama yake ya kuhakiki, kwa hiyo tumia programu inayokokotoa kwanza ndipo ichore mistari.

Swali: Nina printa ya stika ya nukta 203 kwa inchi, Nakuru. Mteja alileta picha ya msimbopau, nikaipunguza kidogo itoshee kichupa. Sasa skana inasoma mara moja kati ya tano.

Chukua kioo cha kukuzia, utazame stika yako. Utaona mistari miwili iliyopaswa kulingana, mmoja umenenepa, mwingine umekonda. Printa yako haina nusu nukta. Nukta moja ni kama milimita 0.125, na mstari mwembamba kabisa wa EAN-13 ya kawaida ni milimita 0.33, yaani nukta mbili na zaidi ya nusu. Ukiivuta picha kwa kipanya, printa hulazimika kubahatisha: hapa nukta mbili, pale tatu. Skana husoma unene, na ukishaharibika unene, habari yenyewe imeharibika.

Dawa yake ni kuchagua nukta tatu kamili. Msimbopau wote, pamoja na nafasi nyeupe za kando, utakuwa na upana wa milimita 42 na ushee. Nukta mbili zinaushusha hadi asilimia 76 ya ukubwa wa kawaida, na kiwango cha chini kwa bidhaa za dukani ni 80. Kichupa kikiwa chembamba, ugeuze msimbopau usimame wima kama ngazi. Tafadhali usiubane.

Swali: Nauza siagi ya karanga Kibuye, Kisumu. Mchoraji ameweka mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe, na fremu imegusa mistari. Inapendeza. Itasomeka?

Haitasomeka, dada. Mwanga wa skana nyingi za dukani ni mwekundu, kwa hiyo wino mwekundu huonekana kwake kama karatasi tupu. Weka mistari myeusi. Fremu nayo isogee: kushoto acha nafasi nyeupe ya milimita 3.63, kulia 2.31, kwa ukubwa wa kawaida. Weupe huo ni sehemu ya msimbopau. Wachoraji huuona kama nafasi iliyopotea wakaijaza maua, na hilo huniuma kila nikiliona, maana mwenye mali ndiye anayerudishiwa katoni.

Swali: Namba ikianza na 616, ina maana bidhaa imetengenezwa Kenya? (Bungoma)

Hapana. Inaonyesha tu kwamba mwenye namba aliipata kupitia GS1 Kenya, shirika linalotoa namba hizi. Bidhaa yenyewe huenda imetengenezwa kwingine kabisa.