Jibu kwa aliyeuliza: mchoro wa penseli una kila kitu, mbona sura haifanani?

Mkuu, umesema mchoro wa babu yako una macho, pua na ndevu, ila nyumbani wanasema si yeye, na ngozi imetoka kijivu. Mimi huchora sura kwa oda hapa Dar, kazi karibu zote zinaingia kwa WhatsApp. Penseli zako hazina kosa. Anza na picha yenyewe unayonakili.

WhatsApp inabana picha, kwa hiyo mwambie mwenye nayo aitume kama dokumenti. Ikiwa ni ya karatasi, ipigwe karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba nayo, flashi imezimwa. Selfi nikiweza nazikataa: simu ikiwa karibu na uso, pua inavimba na masikio yanajificha, nawe ukinakili vilevile unapata mtu ambaye familia haimjui. Mbaya zaidi ni picha ya flashi ya usoni, maana imefuta vivuli, na penseli haina cha kuchora zaidi ya vivuli.

Kufanana kunatafutwa kwa miraba. Uso wa sentimita 10 kwenye nakala iliyochapwa, pigia miraba ya sentimita 1. Kwenye karatasi ya kuchorea ya A3 piga ya sentimita 2, kisha nakili mraba kwa mraba, uso unatoka mkubwa mara mbili. Wapo wanaosema huko ni kuibia, waache waseme. Ukimaliza mistari, geuza picha na mchoro vyote kichwa chini. Utashangaa jicho moja lilivyopanda. Kagua sana kona za mdomo na nafasi iliyopo kati ya pua na mdomo wa juu. Milimita moja tu pale inageuza tabasamu kuwa dharau. Kope na vinyweleo ni vya mwisho kabisa, ingawa najua ndivyo vinavyotamanisha.

Sasa ngozi, na hapa ndipo wengi tunapotezwa na video za mtandaoni. Nyingi zinachora Wazungu: karatasi tupu ndiyo ngozi, unaongeza vivuli kidogo, basi. Kwa uso mweusi, karatasi tupu inabaki kwenye vidoa vichache tu vya mng'ao, labda paji la uso, ncha ya pua na juu ya shavu. Hata weupe wa jicho unahitaji kivuli cha kope ya juu, la sivyo macho yanatoka kama ya mdoli. Weka kwanza giza la mwisho, yaani mboni na matundu ya pua, ndipo utajua ngozi inaweza kwenda hadi wapi. Kisha pitisha penseli ya HB, ya ugumu wa kati, uso mzima bila kukandamiza, 2B juu yake, halafu 4B (namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi), ukitoa mwanga kwa raba laini ya kufinyanga. Kijivu chako kimetokana na kuishia njiani kwa kuogopa giza.

Ila usikimbilie 8B na kukandamiza. Chembe za grafiti, yaani ule weusi wa ndani ya penseli, ni bapa, ukizibana zinalala na kung'aa, na weusi wote unapotea. Kwa mboni na nywele tumia penseli ya mkaa, au Staedtler Mars Lumograph Black, ambayo ina kaboni na haing'ai sana. Mkaa utangulie kwenye karatasi tupu, kwani juu ya grafiti unateleza. Na usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaacha madoa ambayo raba haiyatoi.

Tupia hapa picha ya mzee na mchoro wako pamoja, tuanze na mdomo.