Shingo ya gitaa la umeme kwa msumeno, randa na patasi

Swali: Niko Tabora mjini. Nina ubao wa mninga wa inchi 1, randa, patasi, tupa na msumeno wa chuma. Nataka kutengeneza shingo ya gitaa la umeme yenye freti 22 (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Nianzie wapi, na ile fimbo ya chuma ya ndani ni lazima?

Jibu: Mninga ni chaguo zuri, ukishakauka haupindi ovyo. Ila ubao ulionunuliwa wakati wa mvua usiuguse kwanza. Ulaze ndani juu ya vijiti, upime kwenye mizani kila wiki. Uzito usiposhuka wiki tatu mfululizo, randa hadi milimita 19. Tazama na ubavuni: mistari ya mbao ikikatiza kuelekea mgongoni, siku gitaa likianguka kichwa kitakatika hapo hapo. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Fimbo ni lazima. Nyuzi sita, hata zile nyembamba, huvuta jumla ya kilo 45 hivi. Fender walitoa Esquire za kwanza mwaka 1950 bila fimbo, shingo zikapinda, wakaiongeza. Nunua ya kukaza pande mbili, yaani inayoweza kuikunja shingo mbele au nyuma, upime unene wake kabla ya kuchimba. Nyingi hutaka mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha 9. Kata kuta mbili kwa msumeno ukifuata rula iliyobanwa, katikati toa kwa patasi. Kumbuka kina hicho utakapochonga mgongo: bakiza angalau milimita 5 chini ya mfereji, usije ukatoboa.

Freti ndizo zinazowashinda wengi. Chukua urefu wa nyuzi, yaani kutoka daraja dogo la kichwani (kipande kinachoshika nyuzi zinapoanzia shingoni) hadi daraja kubwa la kwenye mwili wa gitaa, milimita 648, gawanya kwa 17.817: freti ya kwanza iko 36.37 kutoka daraja dogo. Toa hiyo kwenye 648, kinachobaki gawanya tena kwa namba ile ile, uendelee. Ya 5 itaangukia 162.55, ya 12 katikati kabisa, 324, na ya 22 iko 466.16. Kila alama ipime kutoka daraja dogo, usipime kutoka freti hadi freti; kosa la nusu milimita ukilirudia mara 22 gitaa halitakubali kamwe kukaa sauti.

Kata mipasuo kwenye ubao wa vidole (milimita 6, mninga au mpingo) ungali mstatili, maana ukishaupunguza upana skwea haina pa kuegemea. Msumeno wa chuma ulivyo hupasua karibu milimita 1, freti zitalegea. Usugue ubapa wa msumeno huo kwenye jiwe la kunolea, pande zote mbili, mpaka meno yasichomoze nje ya unene wake. Mpasuo utashuka hadi 0.6 hivi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa: freti iingie kwa nyundo, isiingie kwa kidole.

Kisha ubao wa vidole uubandike juu ya shingo kwa gundi nyeupe, kibano saa 24. Mpingo una mafuta, ufute kwa spiriti kabla ya kupaka. Gundi isiingie kwenye mfereji, fimbo ikishikwa haizunguki tena.

Daraja kubwa usilifunge kwenye 648 kamili. Acha nafasi ya kulirudisha nyuma milimita 2 au 3 upande wa nyuzi nene.