Wape karatasi, kisha tazama kidole

Mwaka wa kwanza wa karatasi yetu ya mtaa, ile ya matangazo ninayowaandalia majirani, niliweka sanduku la maoni kwenye duka la jirani, hapa Nkuhungu, Dodoma. Lilikuwa boksi la viatu nililolitoboa juu, nikalifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha la duka ili upepo wa kiangazi usilibebe. Baada ya wiki sita nikalifungua. Karatasi tatu. Mbili zilisema hongera, endelea hivyohivyo. Ya tatu iliuliza kama kuna mtu anayepangisha chumba na sebule chenye maji ndani.

Ile ya tatu iliniuma, maana chumba hicho kilikuwepo. Nilikuwa nimekitangaza katika toleo hilohilo, nyuma, chini kushoto. Mtu ameishika karatasi, ameisoma, hakukiona, akatafuta kalamu ili aombe kitu alichokuwa nacho mkononi.

Kama nawe unaandaa karatasi ya aina hii kwa majirani zako, yenye vyumba vya kupanga, ratiba ya maji, namba za mafundi na zamu za usafi, na unataka mpangilio wake uwasaidie, nakuomba usianze kwa kuuliza "Mnaionaje?" Mtu mstaarabu akiulizwa hivyo atakujibu "Iko vizuri." Hakudanganyi, anakuheshimu. Ameona umetoa muda wako na hela yako ya kopi, atakuvunjaje moyo huku umesimama mlangoni kwake?

Mzee mmoja jirani yangu alinijibu "Kazi nzuri, mwanangu" kwa miezi mingi. Jioni moja nilimpa shikamoo, nikamkabidhi toleo jipya, nikamwambia, "Baba, hebu niangalizie upande wetu maji yanatoka siku gani." Akaikunjua. Akaisogeza mbali na uso. Akatoka kibarazani kwenye mwanga, akanyoosha mkono mpaka kiwiko kikakaza. Kisha akanirudishia. "Mwanangu, mkono umeniishia."

Herufi zangu zilikuwa saizi 9. Mtu akishafika miaka 40 hivi, jicho huanza kupungukiwa na nguvu ya kuona vitu vya karibu, na nyumba nyingi mtaani kwetu hazina miwani ya kusomea hata moja. Mimi niliyepanga kila kitu kwenye kompyuta, usiku, kwenye skrini yenye mwanga, nisingeligundua hilo kamwe. Toleo lililofuata maandishi yalipanda hadi saizi 12, na ratiba ya maji 14.

Tangu siku ile sikuuliza tena maoni. Natoa kazi. Nampa mtu karatasi na kumwomba anitafutie kitu kimoja: "Nitafutie fundi bomba", "Nionyeshe zamu ya usafi ya Jumamosi hii." Kisha nanyamaza na kutazama kidole chake. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu ulimi unawasha kusema "si hapo, geuza nyuma." Ukisema hivyo umeharibu. Karatasi ikiwa nyumbani kwake wewe hutakuwepo.

Kijana wa bodaboda nilimpa kazi ya kutafuta chumba cha kupanga. Kidole kilishuka ukurasa wa mbele wote, kikageuza, kikapita juu ya kichwa kikubwa cha habari kilichosema MAKAZI, kikaendelea. Nilipomuuliza baadaye, akasema alidhani pale ni habari za serikali. Alikuwa na haki. Nani anayetoka asubuhi kutafuta makazi? Watu wanatafuta chumba. Nikakiita VYUMBA VYA KUPANGA. "Huduma za Jamii" nayo nikaifuta, nikaandika MAJI LINI.

Kwenye maji ndiko nilikojifunza mengi zaidi, kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Ukikosea siku, simtanki inabaki tupu na unaanza kununua maji kwa madumu. Nilikuwa nimegawa mtaa kuwa Kanda A na Kanda B, na kila niliyempa kazi ya kusoma ratiba aliuliza swali lilelile: "Sisi tuko wapi hapo?" Hakuna anayeishi Kanda A. Watu wanaishi mbuyuni, bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga. Nikaandika hivyo, nikadhani nimemaliza. Kisha nikampelekea dada mmoja aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 tunapokea wapangaji wengi wa namna yake. Akaniuliza mashine ya kusaga iko wapi. Kumbe ilishafungwa zamani, jengo sasa ni saluni, ila sisi wenyeji bado tunapaita mashineni. Mbuyu ukabaki, mashine ikaondoka, nikaweka saluni.

Usiwaulize watu wakiwa kundi. Nilijaribu kwenye kijiwe cha kahawa; wa kwanza akasema picha ziongezwe, na wote waliobaki wakataka picha. Mmoja mmoja, kwao, ndipo mtu anafanya kama anavyofanya siku zote. Msimu nao uangalie. Huku mvua ni Desemba hadi Aprili, na wengi wanashinda shambani, kwa hiyo miezi hiyo napita jioni.

Wala huhitaji mtaa mzima. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kukufichulia sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni bora kurudia na watano wengine baada ya kurekebisha kuliko kukusanya umati mara moja. Yeye alizungumzia tovuti, lakini nimeona hivyohivyo kwenye karatasi: mtu wa tatu anaanza kurudia makosa ya wa kwanza. Cha msingi watano hao wasifanane. Mimi huchagua mzee, mama mwenye genge, kijana, mpangaji mgeni, na mtoto wa shule.

Mtoto kwa sababu nyumba nyingi mjukuu ndiye anayemsomea bibi. Binti mmoja alikuwa akisoma vizuri kabisa, lakini kila akimaliza mstari anarudi kwenye mstari uleule. Mistari yangu ilikuwa inatoka ukingo hadi ukingo wa A4, mirefu mno, jicho likirudi kushoto linapotea. Nikagawa ukurasa safu mbili. Akaacha kupotea.

Tazama pia karatasi inavyotumika ukishaondoka. Akina mama huikunja mara nne na kuiweka kwenye kibeti. Wino wa kopi unabanduka pale penye mkunjo, na namba ya fundi bomba niliiweka hapohapo katikati. Baada ya wiki ilikuwa imebaki na tarakimu saba. Sasa katikati naacha wazi.

Kila ziara naiandika kwenye daftari: nani, alitumwa kutafuta nini, kidole kilienda wapi, alisema neno gani. Siandiki "amependa." Na narekebisha jambo moja au mawili kwa toleo, maana ukivuruga kila kitu kwa pamoja hata waliokwisha kuzoea watapotea.

Utafika mahali maoni yanagongana. Herufi kubwa zinakula nafasi, na mafundi wanaochangia hela ya kopi walitaka majina yao yakae juu kabisa. Niliwakatalia kwa heshima. Anayetafuta maji alfajiri ana haraka kuliko wao. Nilichokata ni salamu zangu za ufunguzi, aya nzima niliyoipenda sana. Katika watu wote niliowatazama, hakuna hata mmoja ambaye kidole chake kilisimama hapo.

Halafu rudi kwa wale wale uwaonyeshe: "Uliponiambia vile, nimefanya hivi." Mzee wangu nilimpelekea toleo la herufi kubwa, akalisoma lote kibarazani. Juzi ameniita mwenyewe, nikiwa napita tu kwenda dukani. "Mwanangu, namba ya fundi bomba umeibananisha na ya fundi umeme. Jana nimempigia wa umeme." Nimeshaiandika kwenye daftari.